Upepo Katika Picha

Methali isemayo kuwa bendera hufuata upepo aghalabu hutumiwa kuwasuta watu wasio na msimamo, na katika matumizi hayo bendera huonekana kuwa ndiyo yenye hatia. Mtu ayatazamaye maneno yale kwa jicho la fundi wa picha huona jambo jingine. Upepo hauna rangi, hauna umbo, wala hauna kivuli; hauonekani ila katika vitu vinavyoutii. Bendera, jani, vumbi, tanga, moshi wa jikoni: hizi ndizo sura zake. Atakaye kuuonyesha hana budi kuuonyesha kwa mashahidi, na mashahidi hao, kama walivyo mashahidi wa barazani, yafaa waseme neno moja.

Mabaharia waliyajua haya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitunga kipimo cha nguvu za upepo tangu 0 hata 12, na daraja zake zikaelezwa kwa kadiri ya matanga ambayo manowari iliweza kuyachukua. Mwaka 1906 George Simpson aliongeza dalili za nchi kavu. Katika daraja ya 2 majani huanza kuchakarisha. Katika daraja ya 3 majani na vijiti havitulii, na bendera nyepesi hunyooka. Katika daraja ya 4 vumbi na karatasi hupeperuka. Katika daraja ya 6 mwenye mwavuli hutaabika. Katika orodha nzima upepo wenyewe hauelezwi hata mara moja. Huelezwa watumwa wake tu.

Kwa kuwa macho yamezoea kuupima upepo kwa watumwa wake, ni rahisi kuyadanganya. Mwaka 1969 bendera ya Marekani iliposimikwa mwezini, mahali pasipo hewa, ilitiwa ufito juu yake ili isilale. Mikunjo iliyobaki katika kitambaa, na mtikisiko wake wakati wanaanga walipokuwa wakizungusha mti wake ardhini, vilitosha kuwafanya watu fulani waape kuwa palikuwa na upepo. Bendera ile haikufuata upepo wowote, lakini ilizua upepo katika vichwa vya watu.

Sinema nayo ilizaliwa na upepo ndani yake. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao ziendazo katika mkahawa mmoja wa Paris, mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Moja katika picha zile ilikuwa ya mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake nje ya nyumba. Husimuliwa kuwa kilichowastaajabisha watazamaji si mtoto wala wazazi, bali majani ya miti nyuma yao yaliyokuwa yakitikisika. Walikuwa wamezoea michezo ya jukwaani, ambako mti ni kitambaa kilichopakwa rangi, na mti wa kitambaa hauna habari na upepo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, Victor Sjöström alipotengeneza sinema yake juu ya upepo, iliyotoka mwaka 1928, alimpeleka Lillian Gish katika jangwa la Mojave, akamvurumishia mchanga kwa injini za ndege. Fundi wa leo hahitaji jangwa wala injini. Huketi chumbani, madirisha yamefungwa, feni labda imezimwa ili mashine isikike vizuri, akafanya upepo kwa vidole.

Fundi mmoja wa namna hiyo ni kijana mwenye asili ya Pangani, ambaye kazi yake katika Dar es Salaam ni kuhariri video za arusi. Siku moja mama yake alimpa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, yenye mwaka 1971 nyuma yake kwa wino uliofifia. Katika picha ile bibi yake, mzaa mama, amesimama uani akianika nguo. Mpiga picha aliipa nyumba mgongo akaelekea baharini. Mbele kuna kamba yenye kanga nne na vitambaa vidogo vyeupe vitatu. Nyuma ya kamba kuna minazi mitano. Nyuma ya minazi bahari, na juu ya bahari ngalawa moja yenye tanga. Bibi ameinua mikono miwili kuishika kamba, na uso wake ameugeuza nusu, kama mtu aliyeitwa jina. Hakuna picha nyingine ya ujana wake, wala hapana video yoyote yake ya uzee, kwa maana alikuwa mtu wa kuwakimbia wapiga picha. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

“Mwanangu,” mama alisema, “wewe huwatia watu mbwembwe katika arusi zao, ukawafanya maua yawaangukie yasiyokuwapo. Hutaweza kumfanya mama yangu asisimame hivi kama sanamu?”

Ombi hilo lilikuwa na njia mbili, na njia fupi ilikuwa mbaya. Siku hizi ziko programu ambazo hupewa picha moja ya uso, nazo zikaugeuza uso huo, zikaufumba macho na kuufumbua, zikauchekesha. Kijana alijaribu moja usiku, peke yake. Bibi akageuka. Akatazama mbele, akatabasamu, na meno yake yakaonekana yote, yamepangwa sawasawa kama punje za hindi changa. Kijana alizima mashine. Bibi yake alikuwa na mwanya, na mwanya ule ulikuwa ndio uzuri wake mashuhuri katika mtaa mzima. Wazee waliusema hata siku ya mazishi. Katika picha midomo yake ilikuwa imefumbwa, kwa hiyo programu haikuwa na njia ya kuujua, ikampa meno ya mtu yeyote. Tabasamu lile lilikuwa la mtu asiyekuwapo, limevaa uso wa mtu aliyekuwapo. Kijana alilifuta, asimwambie mama yake. Asubuhi alikata shauri kuwa mwanamke asiguswe, na kila kilicho karibu naye kiende.

Huenda mtu akauliza kama kuna tofauti yoyote. Ikiwa tabasamu la kubuni ni uongo, upepo wa kubuni ni nini? Jawabu la kijana lilikuwa kwamba picha yenyewe inashuhudia upepo na haishuhudii tabasamu. Pembe za chini za kanga zote nne zimevutwa upande mmoja, ncha ya mtandio wa bibi imeinuka, na tanga la ngalawa limejaa. Siku ile upepo ulivuma. Kilichokosekana ni muda tu, kwa kuwa kamera ilitwaa sehemu ndogo ya nukta moja ya saa na kuziacha nyingine zipite. Jawabu hilo lina nguvu, ingawa halikuziba kila tundu. Kujua kuwa jani lilitikisika si kujua lilivyotikisika, na kila fundi wa kazi hii huingia katika pengo hilo akiwa na desturi zake na uvivu wake.

Kazi alianza kama ianzwavyo. Aliikata picha katika tabaka ndani ya programu iitwayo After Effects, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993: mbingu peke yake, bahari peke yake, kila mnazi peke yake, kila nguo peke yake, na bibi peke yake. Kitu kikiisha kukatwa huacha shimo nyuma yake, na shimo hilo hujazwa kwa kuazima bahari au mchanga wa jirani, ili nguo ikisogea pasionekane weusi. Kisha akapigilia pini. Programu ile ina zana ya kuigeuza picha iwe kama kikaragosi: pini moja katika shina la mnazi ili lisihame, nyingine katikati, nyingine katika kilele, nyingine katika ncha za makuti, pini ikivutwa, picha hupinda pamoja nayo kana kwamba ni ngozi. Ili asivute kila pini kwa mkono katika kila fremu, na fremu ni 25 katika kila sekunde, aliziwekea pini amri fupi iitwayo wiggle. Amri hiyo hudai tarakimu mbili tu: kitu kicheze mara ngapi kwa sekunde, na kiende mbali kiasi gani. Aliandika mara 2, na nukta 15.

Minazi ikatetemeka kama wagonjwa wa homa.

Hili ndilo kosa la kila mwanafunzi, nalo lafaa lielezwe. Mwendo wa kubahatisha ambao mashine huutoa haukosi historia. Baada ya kufanya kazi katika sinema ya Tron iliyotoka mwaka 1982, Ken Perlin alichoshwa na picha za kompyuta zilizokuwa safi mno, kana kwamba dunia yote imepigwa pasi. Akabuni hesabu ya kutoa kubahatisha kusikokuwa na vurugu, akaitangaza mwaka 1985, na mwaka 1997 akatunukiwa tuzo ya ufundi na akademia ya sinema ya Marekani. Katika hesabu yake kila mahali hufanana kidogo na jirani yake, kama ardhi ya vilima: mtu hajui mbele kuna mpando au mteremko, lakini hatua moja haimtupi shimoni. Wingu, moshi, maji na mtikisiko wa majani hutokana na jamaa ya hesabu hiyo. Basi kila pini ya kijana ilikuwa na mwendo laini. Kosa ni kwamba kila pini ilikuwa na upepo wake. Kuti moja lilipanda wakati lililo kando yake likishuka, na shina halikuwa na habari na yote mawili. Palikuwa na mwendo mwingi, na upepo haukuwapo.

Akarekebisha. Akaufanya mnazi upindwe kwanza katika shina, kidogo sana na polepole. Kisha makuti yafuate, yamechelewa. Kisha ncha za makuti, zimechelewa zaidi, zikipita mahali pake kabla ya kurudi. Wachoraji wa katuni wa Disney walijifunza sheria hii miaka ya 1930 kwa kutazama mikia na masikio ya mbwa: mwili ukisimama, sikio bado liko safarini. Kijana aliridhika. Minazi yake iliyumba kutoka kushoto kwenda kulia, vizuri kabisa, kama minazi ya somo alilojifunzia.

Alikwenda Pangani na kompyuta yake, akamwonyesha kwanza babu yake, ndugu mdogo wa marehemu, aliyekuwa baharia wa majahazi ujanani, baina ya Pangani na Unguja na Pemba. Mama alikuwa jikoni.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe huyo dada yangu.”

Mzee alitazama mara tatu bila kusema. Mara ya nne akanyosha kidole, asiguse kioo.

“Kanga zinakwenda kushoto,” akasema, “na minazi inakwenda kulia. Pwani hii ina pepo nyingi, lakini haziji mbili katika ua mmoja. Na huyu katika ngalawa umemtaka nini? Tanga lake limejaa kushoto pamoja na kanga. Ukimletea upepo wa minazi yako litampiga usoni, naye atapinduka mbele ya macho yetu.”

Kijana alieleza kuwa kanga na tanga vilikuwa hivyo katika picha, yeye hakuvigeuza. Minazi ndiyo aliyoitia mwendo.

“Basi picha ilikuwa inakwambia nawe hukusikia. Bahari i mbele yetu, yaani mashariki. Kulia ni kusini. Kitokacho kulia na kuvuta pembe za kanga zote namna hiyo, na kufanya mapovu kule nje, ni kusi. Hilo ni kusi la katikati, Juni au Julai.”

Mama alitoka jikoni aliposikia neno hilo. “Mjomba, haiwezekani. Picha hii ilipigwa Januari. Mama mwenyewe alikuwa akisema, alikuwa na mimba yangu. Mimi nimezaliwa Machi, mwaka huo huo.”

“Huenda alisema,” mzee akajibu. “Januari ni kaskazi, mwanangu. Upepo hausahau mwezi wake. Watu ndio wasahaulifu.”

Neno hilo halikumpendeza mama. Msomaji atamfahamu akikumbuka kuwa hiyo ndiyo picha pekee ambayo mama huyo alidhani wamo wawili, yeye na mama yake. Alikuwa ameitunza kwa sababu hiyo miaka mingi, na alikuwa akiwaonyesha watoto wake mahali chini ya kanga ambapo yeye alikuwamo bila kuonekana. Sasa mzee mmoja, kwa kutazama pembe za nguo, amemtoa.

Kijana alirudi Dar es Salaam akaanza upya, na mara hii hakuanza na mashine. Alianza na upepo. Aliutafutia mahali pa kutokea, nje ya ukingo wa kulia wa picha, na mwendo wake. Kwa dalili za kanga na mapovu alikadiria mita 5 kwa sekunde, ambayo ni daraja ya 3 katika kipimo cha Beaufort, kisha akawa na shaka, akaongeza kidogo katika vishindo na kupunguza katika utulivu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hauigusi minazi yote kwa wakati mmoja. Baina ya mnazi wa kwanza na wa mwisho katika picha aliona kama mita 20. Kwa hiyo kishindo kinachouinamisha wa kulia kitaufikia wa kushoto baada ya sekunde 4. Sekunde 4 ni muda mrefu katika picha. Mtazamaji huona kitu kinapita uani, ingawa hapana kitu kilichochorwa hapo. Hapo ndipo upepo uonekanapo, katika nafasi baina ya mti na mti.

Kila kitu akakipa tabia yake. Ngalawa ilikuwa mbali, akaisogeza kidogo tu. Kanga mbili zilikuwa nzito, bado mbichi, nazo zilijinyanyua kwa uvivu na kuanguka. Mbili zilikuwa zimeanza kukauka, zikacheza zaidi upande wa demani. Kanga moja ilikuwa imekunjika juu ya kamba, hata nusu ya maandishi yake ikafichika. Upepo wa kweli ungeukunjua mkunjo ule. Kijana aliuacha umekunjwa, akaipigilia nguo hiyo pini nyingi ili isifunguke, kwa kuwa hakujua nyuma ya mkunjo pameandikwa nini, na hakutaka nguo ya bibi yake iseme neno ambalo bibi hakulivaa. Watazamaji wachache watagundua kuwa kanga hiyo ni nzito kuliko haki yake.

Vitambaa vitatu vyeupe alikuwa amevisahau. Katika picha iliyotulia vilikuwa vidogo, vimebanwa baina ya kanga ya tatu na ya nne, na jamaa walidhani ni matambara ya jikoni. Lakini kitambaa kidogo na chepesi hupigapiga upesi kuliko kikubwa; akavipa mwendo wa haraka, mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya kanuni tu. Mwisho akaupima mzunguko wote: sekunde 12, yaani fremu 300, na fremu ya mwisho ikaungana na ya kwanza bila kuruka, ili upepo uweze kuvuma kadiri mtu atakavyo kutazama.

Bibi hakuguswa, ila ncha ya mtandio.

Hitima ya mwaka ilisomwa Pangani, na siku ya pili yake, wageni walipokwisha kwenda, kijana aliiunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni. Mzee aliketi karibu, mikono juu ya mkongojo, midomo ikisogea. Alikuwa akihesabu baina ya mnazi na mnazi. Kishindo kilipofika cha mwisho alitikisa kichwa kukubali. “Kusi,” akasema, asiseme zaidi.

Mama hakuitazama minazi, wala bahari. Kwanza alimtazama mama yake, akingoja ageuke, na bibi hakugeuka. Baadaye macho yake yaliteremka yakafuata kamba, yakapita kanga ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, yakasimama mahali palipokuwa na pilikapilika. Vile vitambaa vitatu vilikuwa vikipigapiga, vidogo, vya mraba, kila kimoja kimebanwa pembe mbili. Alisogea mbele katika kiti.

“Simamisha hapo, baba.”

Kijana akasimamisha.

“Hizo si za jikoni,” mama akasema. “Hizo ni nepi.”

Hakuna aliyemjibu. Nje ya dirisha jirani alikuwa akianua nguo zake, kwa kuwa mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Bweni. Mama alikaa kitambo akiitazama ile picha iliyosimama, kisha akageukia mlango wa nyumba ile, ambao kwa haki hauonekani katika picha, kwa kuwa mpiga picha alikuwa ameupa mgongo.

“Basi nilikuwa ndani,” akasema, “nimelala.” Akamwomba mwanawe auache upepo uendelee.